Laptop haiwaki: hatua za kufuata kabla hujaipeleka kwa fundi

Laptop ikigoma kuwaka, kuna wanaobonyeza kitufe cha kuwashia mfululizo mpaka kinalegea, na kuna wanaoitia begini papo hapo na kupanda bodaboda kwenda Uhindini, hapa Dodoma mjini, kutafuta fundi. Kabla ya yote hayo kuna kazi ya nusu saa hivi unayoweza kuifanya mwenyewe mezani kwako. Kazi hiyo ndiyo inayoamua kama utalipia fyuzi ya plagi au utalipia madabodi nzima, ile bodi kuu ya ndani ya mashine.

Nafanya ufundi huu hapa Dodoma, na linaloniuma ni kuona mwanafunzi au mtumishi amelipishwa madabodi wakati ugonjwa ulikuwa kwenye chaja. Kwa hiyo nitakupa hatua kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Msingi wake ni huu: fuata umeme kuanzia ukutani kuelekea ndani, kama unavyofuata bomba lisilotoa maji kuanzia kwenye mita hadi kwenye koki. Na katika kila jaribio badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha chaja, ukatoa betri na kuchomoa RAM (kipande cha kumbukumbu ya muda) kwa mpigo, kisha ikawaka, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na kesho itarudia.

Kwanza, jua "haiwaki" yako ni ya aina gani

Chomeka chaja, bonyeza kitufe mara moja, kisha tulia sekunde kumi ukitazama na kusikiliza.

Ikiwa hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote, umeme haufiki au unazuiwa njiani. Anza hatua ya 1.

Ikiwa taa inawaka au feni inavuma lakini kioo ni cheusi, umeme upo. Kasoro ni ya kioo, ya RAM, au ya kitu ndani. Fanya hatua ya 4, kisha ruka hadi ya 6.

Ikiwa nembo ya HP, Dell au Lenovo inatokea kisha mashine inakwama hapo, basi laptop yako inawaka vizuri tu. Mgonjwa ni Windows au diski, na matibabu yake ni mengine. Ukiizima kwa nguvu mara mbili tatu wakati Windows inaanza kupakia, kwa kawaida italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo.

Lakini kuna hali tatu za kukufanya usiendelee na lolote: kuna harufu ya kuungua, mashine imemwagikiwa maji au chai, au imevimba. Uvimbe huonekana mapema kwenye padi ya kugusa, ambayo huinuka au kukataa kubonyea, na kwenye kava la chini, ambalo huacha mwanya pembeni. Hiyo ni betri imejaa gesi. Chomoa chaja, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Iweke mahali pasipo na vitu vya kushika moto mpaka ifike kwa fundi. Na betri ya namna hiyo isiishie kwenye shimo la taka la nyuma ya nyumba tunakochomea takataka, kwani ikipata moto hulipuka.

Hatua ya 1: Ukutani

Soketi zetu nyingi zina swichi. Hakikisha imewashwa, kisha chomeka chaja ya simu kwenye tundu lile lile uone kama simu inachaji. Kama unatumia ekstenshen, iondoe kabisa kwenye majaribio na uchomeke moja kwa moja ukutani. Ekstenshen za bei ya chini hulegea ndani baada ya miezi michache, na taa yake huendelea kuwaka hata pale ambapo tundu moja limeshakufa.

Sasa plagi. Laptop nyingi zinazouzwa mjini ni zilizotumika nje, na zinakuja na plagi ya pini mbili za duara. Soketi yetu ya matundu matatu ina vizibo ndani ambavyo hufunguka pale pini ndefu ya juu inapoingia. Ndiyo maana unaona watu wanachomeka mfuniko wa kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie. Tafadhali acha. Shaba za ndani ya soketi hiyo zimetengenezwa kubana pini bapa, kwa hiyo pini ya duara inashikwa kwa ncha tu. Inapata moto, inatoa cheche ndogo ndogo usizoziona, na chaja inapokea umeme unaokuja na kukatika mara nyingi kwa dakika. Tazama pini zako: zikiwa na madoa meusi au plastiki ya pembeni imeanza kuyeyuka, umepata sababu. Waya unaotoka ukutani hadi kwenye kile kiboksi cha chaja huchomoka, na unauzwa peke yake. Nunua wa pini tatu bapa, uachane na adapta.

Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani, kitu kidogo cha silinda. Kwenye plagi zinazofunguka utaikuta ukilegeza skrubu ya katikati. Kwenye zilizoyeyushwa pamoja na waya, kuna kijidroo kati ya pini. Waya wa laptop kwa kawaida huwekewa fyuzi ya ampea 3 au 5. Ikiungua, chaja inakuwa kimya kabisa na mtu anadhani imekufa. Weka fyuzi ya namba ile ile. Usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pake, kwa sababu siku umeme utakapozidi hakutakuwa na kitu cha kuukata kabla haujafika kwenye chaja.

Kwa walioko Chamwino, Bahi, Kongwa au Mpwapwa wanaotumia sola: soma kibandiko cha chaja. Karibu zote zimeandikwa INPUT 100-240V, maana yake zinavumilia umeme unaopanda na kushuka. Lakini baadhi ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya sola uwe kama wa ukutani) za bei rahisi hutoa umeme mchafu, usio tulivu, na chaja hulia zii au kuchemka kupita kawaida. Kama laptop inagoma kwenye inveta, ijaribu mahali penye umeme wa gridi kabla hujasema ni mbovu.

Hatua ya 2: Chaja

Hapa ndipo penye utajiri wa majibu, usipapite haraka.

Kama kiboksi cha chaja kina taa, chomeka ukutani tu, bila kuunganisha laptop. Isipowaka, na waya pamoja na fyuzi ni vizima, chaja imekufa. Ikiwaka, sasa ingiza ncha kwenye laptop huku ukiitazama ile taa. Ikibaki imewaka, vema. Ikizimika mara tu ncha inapoingia, chomoa kila kitu, subiri dakika moja, urudie. Ikizimika tena, basi ijaribu chaja hiyo kwenye mashine nyingine inayofanana. Kama kule inabaki imewaka, ndani ya laptop yako kuna shoti, na chaja inajizima ili isiungue. Hilo ni la fundi, na usiendelee kuilazimisha. Maelezo hayo mawili, kwamba taa ya chaja inazimika ikiingia kwako na haizimiki kwa mwenzako, yanamwokolea fundi muda mwingi.

Chaja isiyo na taa inapimwa kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Weka kipimo cha DC (umeme wa aina ya betri), na uchague 200V badala ya 20V, kwa sababu chaja nyingi zinakaribia au kupita kidogo volti 20 na mita itakuonyesha tarakimu 1 peke yake kana kwamba kuna hitilafu. Waya mwekundu uguse ndani ya ncha, mweusi nje. Ncha za HP na Dell zenye kisindano katikati zinachanganya wengi: kisindano hicho hakileti umeme wa kuendesha mashine, kinapeleka taarifa za chaja tu. Umeme wenyewe uko kwenye ukuta wa ndani wa silinda. Gusa taratibu, usiunganishe ndani na nje kwa ncha ya mita. Chaja ya volti 19.5 ikikupa kati ya 19 na 20, ni nzima kwa kipimo hicho. Ikikupa 12, au namba inayocheza, ibadilishe.

Nikisema "ni nzima kwa kipimo hicho" nina maana. Chaja inaweza kutoa volti kamili ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka mara laptop inapoanza kuvuta umeme. Kipimo cha uhakika ni kuazima chaja nyingine inayofaa. Wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mna bahati hapa, ukigonga milango mitatu ya hosteli unaipata.

Inayofaa ni ipi? Kuingia kwenye tundu pekee hakutoshi. Tazama mstari wa OUTPUT. Chaja ya HP ya wati 65 huandikwa 19.5V na 3.33A, ya Lenovo ya wati hizo hizo huandikwa 20V na 3.25A. Volti zilingane na za mashine yako. Ampea ziwe sawa au zaidi, kwa sababu mashine inachukua inachohitaji tu. Zikiwa pungufu, laptop inaweza kuwaka bila kuchaji betri, ikawa nzito kupita kiasi, au isiwake kabisa. Dell pia, ikikosa ile taarifa ya kisindano, huandika kwamba haiitambui chaja na hukataa kuchaji betri. Kwa hiyo kisindano kilichopinda au kuvunjika kinatosha kukufanya uamini kuwa betri imekufa.

Laptop zinazochaji kwa USB-C zina mambo yake. Chaja na mashine huzungumza kwanza ndipo volti inapanda hadi 20. Usipoiunganisha na kitu, mita inaweza kukuonyesha 0 au 5 tu, na hiyo ni sawa. Chaja ndogo ya simu itaingia vizuri kabisa kwenye tundu na haitaiwasha laptop hata ukiiacha usiku kucha. Tafuta yenye wati 45 au 65, na waya unaobeba wati hizo. Waya nao huwa mwembamba kuliko kazi.

Hatua ya 3: Tundu la chaja

Ingiza ncha, kisha itikise kwa upole juu na chini huku ukitazama taa ya kuchaji iliyo pembeni ya laptop. Ikiwaka na kuzima kadiri unavyotikisa, tundu limelegea au kisindano chake cha ndani kimekatika. Mulika kwa tochi ya simu. Kwa wanaotumia laptop kitandani au kwenye magoti huku waya umening'inia, hili ndilo linalowapata. Laptop nyingi tundu lake limefungwa kwenye kijiwaya chake, si kwenye madabodi, na kubadilisha ni kazi ndogo. Fundi akikwambia ni madabodi kabla hajakuonyesha tundu, mwombe akuonyeshe.

Hatua ya 4: Kutoa umeme uliokwama

Ningependa kila mwenye laptop aijue hatua hii moja, hata kama hatazifuata nyingine. Ndani ya mashine kuna chipu ndogo inayosimamia kitufe cha kuwashia, betri, feni na chaja. Iko macho hata laptop ikiwa imezimwa. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, au betri inapoisha katikati ya usingizi wa mashine, chipu hiyo inaweza kukwama. Ikikwama, kitufe hakina wa kukisikiliza. Kila kitu ni kizima na hakuna kinachowaka.

Fanya hivi. Chomoa chaja. Toa kila kilichochomekwa: flashi, mausi, modemu, kadi ya kumbukumbu. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie bila kuachia kwa sekunde 30. Kwenye Lenovo shikilia hadi dakika nzima. Achia. Rudisha chaja peke yake, bila betri, kisha bonyeza kitufe kwa kawaida. Ikiwaka, izime, rudisha betri, uiwashe tena.

Betri ikiwa imefungwa ndani, fanya vivyo hivyo bila kuitoa. Mara nyingi inatosha. Baadhi ya ThinkPad zina kijitundu chini ya mashine cha kubonyeza kwa pini nyembamba ya karatasi chaja ikiwa imechomolewa, na kazi yake ni hii hii. Angalia alama iliyo pembeni ya kijitundu kwanza, usichokonoe kila tundu unaloliona.

Kama bado, na uko tayari kufungua kava la chini (soma kwanza tahadhari za hatua ya 7), chomoa kiunganishi cha betri kwenye madabodi, shikilia kitufe tena sekunde 30, kisha rudisha. Kwa laptop zilizokatikiwa na umeme ghafla, hapa ndipo nyingi zinaporudi.

Hatua ya 5: Betri

Laptop iliyokaa kabatini likizo nzima inaweza kuwa na betri iliyoisha kupita kiwango cha kukubali kuwasha. Ichomeke na uiache nusu saa hadi saa moja bila kugusa kitufe. Mtu akichomeka na kubonyeza papo hapo, kisha akachomoa, akachomeka tena, anaizuia kuamka.

Kama betri inatoka, jaribu kuwasha kwa chaja peke yake. Ikiwaka bila betri na ikagoma nayo, umepata jibu. Betri za kubadilishia ziko nyingi madukani, lakini linganisha namba ya betri yenyewe iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, kwa sababu jina la laptop moja hubeba betri za maumbo mawili au matatu.

Hatua ya 6: Umeme upo, kioo ni cheusi

Mwalimu mmoja wa Bahi alinipigia usiku akiwa amekata tamaa. "Fundi, laptop imekufa na mitihani ya kidato cha pili yote imo humo." Nikamwambia, "Pole mwalimu. Hebu bonyeza ile Caps Lock, taa yake inawaka na kuzima?" Kimya kidogo, kisha: "Inawaka." Mashine yake ilikuwa hai na inafanya kazi. Kilichokufa kilikuwa kioo. Aliiunganisha na televisheni ya jirani kwa waya wa HDMI, akahamishia mitihani kwenye flashi usiku ule ule.

Nawe anza hapo. Taa ya Caps Lock ikikujibu, nenda kwa mfuatano huu. Ongeza mwanga wa kioo. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Kwenye Windows 10 na 11 hiyo huamsha upya kadi ya picha, na ukisikia mlio mfupi ujue mfumo upo. Unganisha televisheni, na kama haileti picha bonyeza Windows na P, ubadilishe chaguo kwa mshale na Enter. Kisha zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi kwa kukilaza kidogo. Ukiona maandishi hafifu kwa mbali, picha ipo na taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Na kama kioo kinawaka ukikunja mfuniko kwa pembe fulani na kuzimika kwa pembe nyingine, ni waya unaopita kwenye bawaba. Waya huo ni wa bei ndogo kuliko kioo, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa kioo kabla haujajaribiwa.

Caps Lock isipojibu na televisheni haileti kitu, shuku RAM. Sikiliza milio na hesabu mimweko ya taa. Kwenye Dell nyingi za miaka ya karibuni, mimweko 2 ya rangi ya chungwa ikifuatiwa na 3 myeupe inasema RAM haijaonekana. 2 na 4 inasema RAM imeharibika. HP nyingi za ofisini hutoa mimweko au milio 3 mirefu na 2 mifupi kwa tatizo la RAM. Irekodi kwa simu, kwa sababu kuhesabu huku una wasiwasi kunadanganya.

Hatua ya 7: Kufungua

Kama laptop bado ina waranti, ishia hapa. Kama ni ya serikali, ya pale Mtumba kwenye mji wa serikali au halmashauri yoyote, ipeleke kitengo cha TEHAMA cha ofisi yako. Hairuhusiwi kufunguliwa kwenye meza ya mtu barabarani, na nyaraka zilizomo si zako binafsi.

Kwa ya kwako mwenyewe: chomoa chaja, chomoa betri, weka kitambaa safi cha pamba juu ya meza. Hewa ya Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba ni kavu mno na mwili unabeba umeme tuli. Ule mshtuko unaoupata ukigusa mlango wa gari unatosha kuua chipu. Gusa chuma kilichoshikamana na ardhi kabla ya kugusa RAM, na urudie kila unapoinuka na kukaa. Piga picha kila hatua, na panga skrubu kwa mahali zilipotoka, kwa sababu skrubu ndefu ikiingizwa penye shimo la fupi inatoboa madabodi.

Sukuma vishikio viwili vya pembeni kuelekea nje, RAM itainuka yenyewe. Shika kingo. Futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa unga wa kifutio kwa brashi, kisha irudishe kwa kuiinamisha mpaka meno yazame, ndipo uilaze mpaka ilie tak. Kama ziko mbili, washa na moja tu, kwenye nafasi moja, kisha nyingine. Mashine ikiwa imebadilishiwa RAM inaweza kukaa na kioo cheusi dakika moja au zaidi mara ya kwanza. Isubiri.

Ukiwa umeshafungua, tazama feni. Vumbi la hapa ni jepesi na jekundu, linapita kila mahali, na kwenye laptop isiyosafishwa miaka miwili linatengeneza blanketi kati ya feni na mapezi ya kupozea. Mashine ya namna hiyo huwaka vizuri, inachemka, inazima, na ukiibonyeza hapo hapo inagoma mpaka ipoe. Toa vumbi kwa brashi laini, ukishikilia feni isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibika.

Kama imemwagikiwa

Chomoa chaja, izime kwa kushikilia kitufe, toa betri, ipindue ikiwa wazi kama hema ili kimiminika kitoke kwenye kibodi. Usiiwashe "kuona kama bado inafanya kazi". Maji yenyewe hayaui haraka kama umeme unaopita ndani ya maji. Chai ya maziwa na soda ni mbaya zaidi kuliko maji kwa sababu mabaki yake yananata ndani na shaba inaliwa polepole. Laptop inaweza kuwaka kesho na kufa baada ya wiki mbili. Mchele hausaidii, unaingiza wanga na vumbi. Jua la mchana la hapa nalo usiliegemee, litachemsha betri na kukunja plastiki. Ifike kwa fundi ndani ya siku moja aifungue na kuisafisha madabodi kwa spiriti ya isopropili.

Yaliyomo ndani ni kitu kingine

Laptop kufa haimaanishi kazi zako zimekufa. Diski nyingi, HDD au SSD, huchomoka na kuwekwa kwenye kava la USB, kisha husomeka kwenye kompyuta nyingine. Mwenye utafiti wa shahada au hesabu za biashara aombe hilo lifanyike kwanza, kabla ya matengenezo mengine. Baadhi ya laptop ndogo za bei nafuu hifadhi yake imechomelewa kwenye madabodi, na kwa hizo hakuna njia hiyo. Jua mapema yako ni ipi.

Kuna kizuizi kimoja. Windows nyingi za siku hizi hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, na diski ikihamishwa au madabodi ikibadilishwa itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia siku ulipoiwasha laptop mara ya kwanza. Ingia kwa simu, utafute, uuandike kwenye daftari. Kama uliwekewa akaunti na muuzaji, mtafute sasa hivi wakati bado anakukumbuka.

Ukifika kwa fundi

Mweleze ulichokwisha kufanya: soketi nimejaribu, chaja nyingine nimejaribu, umeme nimeutoa, taa inamweka mara kadhaa. Fundi akisikia hivyo anaanza pale ulipoishia. Muulize gharama ya uchunguzi kabla ya gharama ya matengenezo, na atakachobadilisha akurudishie kile cha zamani. Kipuri kikikosekana hapa mjini kitaagizwa Kariakoo, hivyo mkubaliane nani analipa usafiri na itakuwaje kikija kisicholingana.

Kabla ya kuiacha, piga picha namba yake ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya mashine, na kama bado unakumbuka andika ukubwa wa RAM na wa diski. Nywila usiiandike kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mfuniko. Kosa la kutowaka linaweza kutengenezwa bila fundi kuingia kwenye mafaili yako. Akihitaji kujaribu Windows, uwepo.

Siku ya kuichukua, usilipe ukiwa umesimama. Kaa, iwashe kwa betri pekee, kisha kwa chaja. Fungua taarifa za mfumo ulinganishe RAM na ulichoandika. Bonyeza kila herufi ya kibodi, jaribu sauti, kamera, waifai na kila tundu la USB. Ifunge, ingoje dakika kumi, ifungue tena. Halafu omba risiti yenye jina la kipuri na muda wa waranti ya kazi hiyo.